Mshono Usio Wake

Wifi yangu anaitwa Tisa, na usidhani kwamba alizaliwa wa tisa. Kwao wamezaliwa wawili tu, yeye na mume wangu. Tisa ni namba ya chapa yake. Fundi wa kuchomelea akifaulu mtihani mkubwa hupewa kipande cha chuma kigumu, urefu wa kidole, chenye namba kwenye ncha. Akimaliza mshono wa maana, yaani pale vyuma viwili viliposhikana na mzigo wote utakapoegemea, anaigonga chapa yake pembeni kwa nyundo. Namba inabaki hapo mpaka chuma kiishe kwa kutu. Maana yake ni kwamba hapa nilisimama mimi, na pakiharibika niulizwe mimi.

Namba hiyo ilikuwa ya baba yao. Mzee alipostaafu aliomba binti yake airithi, na wakubwa wa karakana walimtahini mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hawakuyaamini macho yao. Mume wangu naye alifundishwa na mzee huyo huyo, ila mkono wake ulikuwa na haraka. Mzee alikuwa akiutazama mshono wa kijana wake, anaguna, kisha anamwambia, "Wewe nenda shule." Akaenda shule, akarudi injinia. Watu wakisimulia hayo hucheka, na yeye hucheka nao, lakini mimi niliyelala naye chumba kimoja najua kwamba lile guno halikuwahi kumtoka masikioni.

Mimi nilikuwa mtunza stoo katika karakana hiyo. Kuna watu wana mawifi wa kuwapasulia maneno sebuleni. Wangu, siku niliyoolewa, alinipa glavu za ngozi akaniambia, "Wifi, ndoa utaizoea. Cheche huzizoei." Tangu siku hiyo tulikuwa chanda na pete, na kama kuna mtu alipaswa kuona wivu, alikuwa mume wangu.

Karakana yetu ilikuwa ya kutengeneza meli, na meli zilikuwa zinatukimbia. Zilikwenda kwenye bandari kubwa zenye kreni mpya, sisi tukabaki na matishari yenye kutu na wenyewe wagumu kulipa. Ndipo mume wangu akaja na Chura. Jina lake la kwenye michoro lilikuwa refu, lakini mpaka rangi wetu alipokiona chombo kile kimechuchumaa uani alisema ni chura, na ikawa hivyo. Lilikuwa pipa kubwa la chuma linaloelea, lililoungwa na mkono mrefu. Wimbi likilipandisha na kulishusha, mkono unasukuma mafuta kwenye mabomba, mafuta yanazungusha jenereta, umeme unapatikana. Mpaka rangi alipoambiwa, alifikiri kidogo, akasema, "Yaani anaruka pale pale na tunamlipa."

Aliyemlipa ni umma. Benki zilimsikiliza mume wangu kwa adabu, zikampa maji ya kunywa, zikamwambia arudi mtambo ukishakaa baharini miaka kumi. Utakaaje baharini miaka kumi bila pesa, hilo hazikulisema. Kwa ajili ya watu kama yeye serikali ilikuwa imeanzisha mfuko, na watu wakauita Mfuko wa Mawimbi. Mfuko haukukopesha wala haukutoa sadaka. Ulilipa kazi hatua kwa hatua. Kwanza ni mfano mdogo kwenye tangi la maji, halafu mtambo wa nusu ya ukubwa, mwisho mtambo kamili baharini, na kila hatua timu zinapunguzwa. Atakayebaki, shirika la umeme linasaini kununua umeme wake, na hapo hata zile benki zingekuja mbio na viatu mkononi. Mitaani walinung'unika. Dereva wetu alikuwa akisema, "Kodi yangu inaogelea, na mimi mwenyewe sijui kuogelea." Lakini karakana nzima ilikuwa inakula kwa sababu ya kodi hiyo, yeye akiwemo, na alijua.

Tisa alikuwa ameitwa na kampuni moja ya kutengeneza matangi ya mafuta, mahali pa uhakika, na akakataa. Nilimwona mjinga, nikamwambia. Akajibu, "Wifi, matangi yanajengwa na kila mtu. Chura akifaulu watamtaka wa pili, na wa mia. Kila mmoja atakuwa na namba ya baba shingoni." Alisema akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachokonoa uchafu kwenye kucha. Hicho ndicho alichokitaka duniani.

Tulifika hatua ya mwisho, zikabaki timu mbili, sisi na wengine wa mji mwingine. Na hapo mama mkwe akateleza bafuni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali hakuweza kukaa wala kugeuka peke yake. Mume wangu alisema nyumba yetu ina ngazi nyingi. Zilikuwa tatu. Tisa hakubishana, akamchukua mama akamlaza kwake, akaomba ruhusa kazini.

Kwa utaratibu wetu, fundi akiondoka kwa muda hukabidhi chapa yake kwa mkuu wa kazi, maana chapa haitoki nje ya geti. Mkuu wa kazi alikuwa mdogo wake, yaani mume wangu. Walikabidhiana kwenye dirisha la stoo, mbele yangu.

"Mdogo wangu, namba ya baba hiyo."

"Dada, nitalala nayo chini ya mto."

"Usilale nayo. Ifungie. Na shingo mnisubiri."

Shingo ndiyo pale mkono ulipoingia kwenye pipa. Ulikuwa umebaki mshono huo mmoja mkubwa. Chuma cha pale ni kinene, lazima kwanza kipashwe moto taratibu, kichomelewe tabaka juu ya tabaka, kisha kifunikwe kipoe polepole. Ukikiharakisha kinaweka ufa ndani, na nje kinakuchekea. Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Alijua yote hayo. Baba yake alimfundisha.

Lakini tarehe ya ukaguzi ilikuwa inakuja, na mama hapati nafuu. Mume wangu akaanza kutembea nyumbani usiku na mchana akihesabu ile timu nyingine imefika wapi. Jumapili moja alikwenda karakana peke yake, akaniambia anapanga michoro. Alirudi jioni macho mekundu, yanachuruzika machozi, macho ya mtu aliyeutazama moto bila kioo. Nilimuuliza. Akasema ni vumbi. Nikampa maji ya kunawa.

Jumatatu akawaambia wafanyakazi kwamba dada alikuja jana, kaifunga shingo, karudi kwa mgonjwa. Namba tisa ilikuwa pale, mpya, inang'aa. Mimi kazi yangu ni stoo, nilisikia nikafurahi. Mkaguzi wa Mfuko alikuja, akaiona chapa ya fundi anayejulikana, akapita. Rangi ikapakwa. Tisa aliporudi kazini, Chura alikuwa ameshashushwa majini, na alipouliza nani kafunga shingo, mdogo wake akamwambia aliazima fundi mwenye cheti kutoka bandarini. Tisa akaguna kama baba yake. Basi uongo mmoja ulikuwa kwa wafanyakazi, mwingine kwa dada, na mwenyewe amekaa katikati kama geti.

Tuseme haki, Chura alifanya kazi. Kwa wiki kadhaa aliwasha taa za maghala yote ya bandarini, na watu waliacha shughuli zao wakaja kuzitazama taa mchana. Dereva alinyoosha kidole akasema ile pale ni kodi yake. Kisha bahari ikachafuka, si sana, kuchafuka kwa kawaida tu, na asubuhi Chura akaonekana ameegemea ubavu. Shingo ilikuwa imepasuka na tumbo limejaa maji. Walimvuta mpaka karakana, wakamnyanyua kwa kreni, akaning'inia uani anatiririka maji, na hakuna aliyefanya mzaha.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mrefu, mpole, mwenye kuvaa viatu vya kazi vizito kuliko vya wanaume wengi ninaowajua. Alikwangua rangi mwenyewe. Kisha akatukusanya kwenye chumba cha mikutano, kile chenye viti vya plastiki na feni isiyozunguka, akatueleza bila kupaza sauti. Alisema Mfuko haugombani na mtambo ulioharibika. Pesa ya umma imewekwa ili vitu viharibike mapema, visije vikaharibika wananchi wakishavitegemea. Anachotaka kujua ni sababu. Kama ni mkono wa fundi, fundi huyo anaondolewa, chapa yake inafutwa, mshono unarudiwa, timu inaendelea. Kama kuna aliyeghushi kazi, timu yote inatoka.

"Namba tisa ni ya nani?" akauliza.

Chumba kizima kikamtazama Tisa. Mimi nilimtazama mume wangu. Alikuwa anaangalia mezani. Nilingoja anyanyue kichwa. Mwanamume anaweza kuteleza, anaweza kudanganya hata mke, lakini nilidhani hapo, mbele ya dada yake wa tumbo moja, atanyanyua kichwa. Akanyanyua.

"Dada yangu alikuwa na mawazo mengi kipindi kile," akasema kwa sauti ya huruma. "Mama alikuwa hoi. Naomba asilaumiwe sana."

Ningekuwa na kikombe mkononi ningemrushia. Hakumtuhumu, alimsamehe. Alimsamehe kosa lake mwenyewe mbele za watu, na watu wakaona ana roho nzuri.

Tisa aliinuka, akatoka mpaka uani, sote tukamfuata. Akapitisha kidole juu ya mshono uliopasuka, polepole, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Huu si mkono wangu," akasema. "Huu mkono naujua tangu una meno ya utoto. Kila ukikaribia mwisho unakimbia. Hapa umekimbia, na hapa." Hakumtaja mtu. Akamgeukia mkaguzi. "Jumapili hiyo mimi nilikuwa kwangu, mama. Nilikuwa namwogesha mzazi wangu."

"Nani alikuona?"

"Yeye mwenyewe niliyekuwa namwogesha."

Mimi sikunyamaza. Nilimwambia mkaguzi jinsi chapa ilivyokabidhiwa dirishani kwangu, nikamwambia na habari ya macho mekundu. Niliyasema nikimtazama mume wangu usoni. Yeye akatabasamu, akasema Jumapili ile alimpa dada chapa getini na akaipokea tena jioni. "Na hawa wawili mnawajua," akaongeza. "Mmoja akikohoa, mwingine anapiga chafya." Baadhi wakacheka. Walicheka kwa sababu walitaka Chura aendelee. Wote walikuwa na watoto na kodi za nyumba, na ukweli wa Tisa ungefunga geti. Siwalaumu. Nawalaumu, basi, lakini nawaelewa.

Mkaguzi alisema atakwenda kesho kumwona mama.

Tisa alirudi nyumbani mtulivu kabisa. Mimi nilimfuata. Alipika, akamlisha mama, akamgeuza ubavu asipate vidonda. Hakumfundisha neno la kusema. Nilimuuliza kwa nini asimkumbushe mama siku yenyewe ilivyokuwa, akanishangaa. "Wifi, ni mama. Nimkumbushe nini?"

Asubuhi mume wangu alitangulia. Alikuja na mfuko wa machungwa, yeye ambaye tangu mama aletwe pale alikuwa amekuja kama mgeni wa harusini, anakaa kidogo anaangalia saa. Akaingia chumbani kwa mama, akarudisha mlango. Tisa alikuwa uani anafua mashuka, na hakuuacha ufuaji wake. Sijui walizungumza nini humo ndani. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu tena, na safari hii hakusema ni vumbi.

Mkaguzi alipofika tukaingia sote. Chumba kilikuwa kidogo. Kulikuwa na kitanda, kiti kimoja tulichompa mgeni, dawa juu ya stuli, dirisha lenye pazia la kitambaa cha shati la zamani la marehemu mzee. Tisa alikaa chini miguuni pa mama na beseni, maana ulikuwa wakati wa kumwosha miguu, na mama hakupenda wakati wake upite.

"Mama, pole na maumivu," mkaguzi akasema. "Nina swali moja tu. Jumapili ile kabla ya ukaguzi, huyu binti yako alikuwa hapa na wewe, au alitoka kwenda kazini?"

Mama mkwe alimtazama mwanawe wa kiume, aliyesimama mlangoni anachezea kitasa. Alimtazama muda mrefu. Binti hakumtazama, ingawa ndiye aliyeushika mguu wake.

"Nilikuwa mgonjwa, mwanangu," akamwambia mkaguzi. "Siku zote zilikuwa moja kwangu. Huyu anatoka, anaingia. Siwezi kusema."

Toka mama aletwe katika nyumba ile mpaka siku aliyorudi kazini, Tisa hakuwahi kutoka hata kwenda sokoni. Mimi ndiye niliyewanunulia chumvi. Nilisema hivyo, kwa sauti, na mkaguzi akaniangalia kwa huzuni, kwa sababu neno la wifi haliwezi kusimama mbele ya neno la mzazi. Tisa alichovya kitambaa majini. Aliendelea kuosha, akafika kwenye vidole, akapitisha kitambaa kati ya kidole na kidole, akaukausha ule mguu vizuri, akachukua wa pili.

Nilimsindikiza mkaguzi nje. Alisimama kidogo karibu na gari lake, akavua miwani.

"Mtambo kama haukuwa tayari," akasema, "mngeomba muda tu. Kifungu cha kuongeza muda kipo. Hakuna timu iliyowahi kukitumia. Wanadhani ni mtego."

Nikabaki nimesimama pale. Tungeomba muda. Kumbe ule muda aliomuuza dada yake ili aupate ulikuwa unatolewa bure.

Namba tisa ilifutwa. Tisa mwenyewe alipeleka chapa, akaiweka juu ya meza, akatoka bila kuaga, na waliokuwepo walijishughulisha na chai zao. Mimi niliacha funguo za stoo wiki hiyo hiyo, na mwezi haukuisha nikaacha na funguo za nyumba. Mume wangu aliniuliza kama nitamwacha kwa ajili ya mshono. Nikamwambia ndiyo, kwa ajili ya mshono.

Chura akarudiwa. Safari hii shingo ilipashwa moto, ikafunikwa, ikasubiriwa, muda wote aliouhitaji Tisa ukapatikana kwa fundi mwingine. Akakaa baharini akavumilia. Timu ile nyingine ikatolewa, shirika la umeme likasaini, benki zikaja. Sasa uani wamechuchumaa vyura wanne, na mpaka rangi ameajiri wasaidizi. Katika sherehe mume wangu alishukuru umma kwa uvumilivu wake, akashukuru timu, akamshukuru mama yake mzazi. Watu walisimama wakapiga makofi. Mimi sioni ubaya wa ule umeme. Unawaka, ni safi, pesa ya watu imezaa. Ila mimi najua imezaa juu ya mgongo wa nani.

Tisa anatengeneza mageti na madirisha ya chuma uani kwake, na mimi nashika ncha ya pili ya nondo. Geti halitaki chapa. Mama mkwe bado yuko naye. Mwanawe wa kiume alimjengea chumba kizuri, na amekikataa, anasema kule hakuna anayejua kumgeuza.

Wiki iliyopita mchana, umeme wa mawimbi ukafika mtaani kwetu. Tulikuwa chumbani, Tisa amepiga magoti na beseni lake, na taa ambayo mtu alisahau kuizima ikawaka juu yetu. Mama akaiangalia. Nyonga yake imepona kiasi, lakini siku hizi analia upesi.

"Mwanangu," akasema, "nilikumbuka. Siku ile nilikumbuka vizuri. Uliniogesha, ukanisuka."

Tisa hakuinua kichwa. "Najua, mama."

"Yeye angeanguka. Alipiga magoti hapa hapa, akaniambia watamfunga, kila kitu kitakwisha. Wewe una nguvu. Wewe huanguki. Nilikuwa na wana wawili, nikamshika anayeanguka."

Tisa aliushikilia mguu ule mkononi mwake, mzito, wenye mishipa. Nilidhani atamfariji, maana ndivyo alivyo, amemfariji kila mtu maisha yake yote.

"Mimi nilianguka, mama," akasema. "Nilianguka hapa hapa, nimeushika mguu wako. Hukuangalia chini."

Akaukausha mguu, akauvalisha soksi, akanipa beseni nikamwage maji.